Baruti Iliyokufa

Katika kazi yangu ya kwanza ya mshahara nilitakiwa kusoma. Kila asubuhi, jua likiwa halijapanda vizuri, nilisimama juu ya sanduku la mbao karibu na mdomo wa mgodi, nikawasomea wanaume wapatao mia moja kanuni za usalama kabla hawajashuka chini. Walisimama kwa makundi, kila kundi na nyapara wake, taa mkononi na blanketi mabegani kwa sababu ya baridi. Nilipomaliza kila kanuni walijibu kwa pamoja, "Tumesikia!" Kisha manyapara walikuja mmoja mmoja kutia dole kwenye daftari kwa niaba ya watu wao, na kizimba cha chuma kikaanza kuwashusha, sita sita.

Mgodi huo ulikuwa upande wa Geita, katika miaka ya hamsini. Jina lake sitalitaja. Waliouendesha wamekwisha ondoka na wengi wao wamefariki, na katika haya nitakayosimulia mimi mwenyewe nina fungu langu, tena kubwa. Nimekaa na jambo hili miaka mingi. Sasa nimezeeka, Mwenyezi Mungu amenipa umri ambao wenzangu hawakuupata, na naona si haki kuondoka nalo kifuani.

Nilizaliwa Shinyanga mjini. Baba yangu alikuwa mshona kanzu aliyehamia kutoka Tabora, na kabla sijajua kuandika jina langu kwa herufi za shule, alinipeleka chuoni kwa sheikh mmoja aliyekuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa matamshi. Niliwahi kukaa wiki nzima kwenye aya moja kwa sababu ya herufi niliyoivuta mahali pasipo mvuto. "Ukilivuta neno la Mungu unalipeleka mahali ambako Yeye hakulipeleka," aliniambia. "Rudia." Nikarudia. Baadaye niliingia shule ya serikali nikajifunza Kiingereza na uandishi wa insha. Huko nilipata mwalimu wa namna nyingine, aliyekuwa akipiga mstari mwekundu chini ya kila neno tulilolirudia katika ukurasa mmoja. Alitaka tuwe na maneno mengi. Nilimpendeza sana mwalimu yule.

Nilikuwa na miezi minane pale mgodini, nikiandika vipande, yaani kadi za wafanyakazi, siku zao za kazi na posho yao, meneja aliponiita. Mezani kwake palikuwa na barua kutoka ofisi ya kazi bomani. Ilisema kwamba sheria inamtaka mwajiri awaeleze watu wake hatari za kazi kwa lugha wanayoifahamu, na kwamba kanuni zilizobandikwa kwenye mgodi wetu zilikuwa za Kiingereza peke yake. Mkaguzi angefika ndani ya mwezi ule.

"Karani, unajua Kiswahili safi?" meneja aliniuliza.

"Najua, bwana."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

Nilitumia alasiri mbili. Sikumuuliza mtu. Nilikuwa na kamusi, kalamu nzuri, na kijiburi cha kijana aliyesoma. Kanuni zilikuwa kumi na nne na zote nilizigeuza, lakini mbili tu ndizo zinazonihusu hapa, na nitaziandika kama nilivyoziandika siku ile, kwa maana bado nazijua kwa moyo:

"Kanuni ya saba. Baruti ikifa ndani ya tundu, watu wakae mbali kwa muda wa nusu saa, ndipo nyapara aingie kutazama.

"Kanuni ya nane. Baruti yenye hatari isiguswe, wala pasitobolewe karibu nayo, mpaka bwana wa baruti aje."

Neno "ikifa" nililiokota karakana. Pale pampu ikigoma walisema imekufa, taa isiyowaka imekufa, lori lililokataa kuwaka limekufa. Niliona ni neno la watu, wataliokota upesi. Meneja alifurahi. Mtu mmoja ofisini aliyejua Kiswahili kidogo alimwambia kwamba linasomeka vizuri. Nilipiga nakala kwa taipu, zikagongwa mhuri wa mgodi, moja ikabandikwa ubaoni penye kizimba, nyingine nikawa nayo mimi juu ya sanduku langu.

Mkaguzi alikuja, akaiona karatasi ubaoni, akauliza kama husomwa kwa sauti, akaambiwa kila asubuhi. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka.

Sasa nimlete nyapara mmoja. Alikuwa Msukuma wa upande wa Kishapu, amempita baba yangu umri, na alikuwa amekaa chini ya ardhi tangu mgodi ule ulipokuwa shimo la kuchimbwa kwa sururu. Alikuwa na tabia ya kuupiga mwamba kwa kiganja na kuutegea sikio, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Watu wake walimpenda kwa sababu alitangulia kuingia na alikuwa wa mwisho kutoka. Mimi alinichokoza kila siku.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu asubuhi moja akiwa foleni ya kutia dole.

"Mwangaluka, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wasoma kama unaswalisha. Siku moja shuka nasi ukatuswalishe huko chini. Kuna giza la kutosha kumkumbuka Mungu."

Watu wakacheka.

"Nitashuka, baba, inshallah."

"Inshallah yako ina ngazi ndefu," akasema, akabonyeza dole lake kwenye wino, akaenda zake.

Sikushuka. Nilikuwa na sababu nyingi: viatu, kikohozi, kazi za mezani. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nawasomea watu habari za mahali ambapo sikupata kupaona.

Nieleze kidogo jinsi walivyofanya kazi, ili msomaji asipotee. Mwisho wa handaki kulikuwa na mwamba wenye dhahabu. Watoboaji waliutoboa kwa mashine, tuseme matundu manane, yakashindiliwa baruti, kila tundu likawa na utambi wake. Tambi zilikatwa kwa urefu tofauti ili milio ifuatane, isipige pamoja. Baada ya kuziwasha, watu walikimbilia kona ya mbali, na nyapara akahesabu milio kwa vidole. Manane yakilia manane, salama. Yakilia saba, kuna moja limebaki humo na baruti yake. Hapo ndipo kanuni zangu zilipotakiwa kuwasaidia.

Ilikuwa siku ya Jumatano. Nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri nimerudi mezani, nikasikia mlio mmoja kutoka chini. Haukuwa mkubwa. Ulikuwa kama mtu aliyeangusha gunia la mahindi chumba cha pili. Nilitazama saa ya ukutani kwa mazoea tu, maana huo haukuwa wakati wa kulipua. Kisha kengele ya kizimba ikaanza kupigwa mfululizo.

Waliwatoa wawili, na wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Mmoja alikuwa mtoboaji kutoka upande wa Kigoma, mtu mtaratibu aliyekuwa akija kwangu siku za Alhamisi kusoma, na alikuwa amefika sura fupi fupi za mwisho. Wa pili alikuwa msaidizi wake wa kushika chuma, na huyo alikuwa mpwa wa nyapara, mtoto wa dada yake. Nyapara mwenyewe alipanda na kizimba cha tatu. Damu ilikuwa inatoka sikio la kushoto. Askari wawili wa mgodi walimshika mikono, ingawa hakuwa na dalili ya kukimbia, wakampeleka kwenye chumba cha matofali nyuma ya stoo ya posho na kumfungia.

Yule wa Kigoma nilimwosha mimi na wenzangu wawili. Sitaeleza zaidi. Sanda tulikata mara mbili. Tulimswalia alasiri ile ile, tukamzika kwenye uwanja ulio upande wa magharibi, na wakati wa kufukia udongo nilijikuta nahesabu majembe badala ya kuomba dua. Mpwa wa nyapara alilazwa kwenye chumba cha dawa akisubiri jamaa zake.

Siku iliyofuata meneja aliniita.

"Kanuni zilisomwa asubuhi ya jana?"

"Zilisomwa, bwana."

"Nyapara alitia dole?"

"Alitia."

Alilifungua daftari akalitazama dole lenyewe, jeusi, limejaa. "Basi," akasema. "Mkaguzi anakuja Jumamosi. Utaleta daftari na karatasi. Mwajiri kazi yake ni kuonya. Sisi tumeonya. Mtu akisikia onyo na kulikiuka hata watu wakafa, njia yake ni gerezani."

Niliitikia. Na wakati ule niliamini hivyo hivyo. Nilimkasirikia yule mzee. Nilijiambia, nimemsomea kila siku ya Mungu, na yeye kila siku kazi yake mzaha.

Mchana nilimpelekea chakula, kwa sababu mke wangu alikuwa amepika na alinituma, si kwa sababu nilitaka. Chumba kile kilikuwa na dirisha dogo la wavu. Alikuwa ameketi chini, amegeuza sikio zima upande wangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ongea kwa nguvu. Upande huu umezimika."

Nikampitishia ugali na samaki chini ya mlango. Hakugusa. Nikashindwa kujizuia. "Baba, kwa nini hukumwita bwana wa baruti? Si nimekusomea? Si umejibu umesikia?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na mkewe.

"Kumwita kwa ajili ya nini? Yalilia saba. Nikakaa na watu wangu nusu saa nzima, saa ya mgodi ninayo mfukoni. Nikaingia peke yangu. Nikakuta utambi umeungua mpaka ndani, tundu la baridi, halina moshi. Imekufa. Nikawaambia watoboe tundu jipya pembeni yake. Ni ya saba, mwalimu. Ya nane ni ile yenye hatari, na hiyo ndiyo ya kumwita mzungu. Mimi nilifuata karatasi yako mstari kwa mstari. Sasa niambie wewe uliyesoma: kwa nini ile iliyokufa imemuua mtoto wa dada yangu?"

Nilirudi ofisini karibu mbio, nikatoa karatasi ya Kiingereza kwenye jalada, nikaweka na yangu pembeni, nikazisoma kama sheikh alivyonifundisha kusoma, kidole juu ya kila neno.

Kwenye Kiingereza lilikuwa neno moja. Kanuni ya saba na ya nane zilizungumzia kitu kile kile, baruti iliyokataa kulia, na zilikiita kwa jina lile lile mara zote mbili. Ya saba ilisema subirini. Ya nane ilisema hata baada ya kusubiri, msitoboe karibu nayo mpaka mwenye kazi yake aje aishughulikie. Mimi, kwa kuogopa mstari mwekundu wa mwalimu wangu wa insha, sikutaka kurudia neno. Mara ya kwanza nikaiita iliyokufa, mara ya pili nikaiita yenye hatari. Kitu kimoja nimekigawa viwili. Na wale waliosikia, watu wenye akili timamu wanaotegemea masikio yao kuishi, walielewa kile kile nilichokiandika: ziko baruti za aina mbili, moja ya kusubiriwa, nyingine ya kuogopwa.

Nilikaa mbele ya karatasi zile mpaka mwadhini, ambaye alikuwa mpishi wetu tu na hana sauti, akaadhini alasiri. Niliswali vibaya.

Karani mkuu alikuwa mtu wa Tanga, mzoefu wa ofisi za wazungu, na alinipenda kama mdogo wake. Nilimwonyesha. Alisoma mara moja, akavua miwani.

"Umemwonyesha nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi rudisha jaladani. Mkaguzi atauliza: imesomwa? Wewe utajibu: imesomwa. Hujasema uongo hata nukta."

"Na yule mzee?"

"Yule mzee ana miaka mingapi? Atafungwa kidogo, atatoka. Wewe una mke na mtoto anakuja. Ndugu yangu, umekuwa mtume lini? Hapa tunaandika barua."

"Wamekufa watu wawili kwa neno langu."

"Wamekufa kwa baruti," alisema, akavaa miwani yake. "Kwa neno hafi mtu."

Sikupata kumchukia kwa maneno yale. Alitaka kuniokoa. Lakini mimi nilikuwa nimefundishwa tangu nikiwa mdogo kwamba neno hupeleka mtu mahali, na sasa nilikuwa nimeona mahali penyewe.

Jumamosi meza ziliwekwa kwenye ukumbi wa posho. Mkaguzi aliketi katikati, mzungu mwembamba, Kiswahili chake cha kuomba maji na kuuliza njia. Meneja alikaa kulia kwake. Mimi niliitwa kuwa mkalimani, kwa kuwa nilikuwa mkalimani wa kila kitu pale. Nyapara aliletwa, akakataa kiti, akasimama. Watu wa kundi lake waliruhusiwa kukaa nyuma sakafuni.

Mkaguzi aliuliza kwa Kiingereza, nami nikageuza.

"Ulisikia kanuni ya saba?"

"Nilisikia. Kila asubuhi."

"Na ya nane?"

"Nilisikia."

"Basi kwa nini uliamuru watoboe?"

"Bwana, ile haikuwa ya nane. Ile ilikuwa ya saba."

Mkaguzi alikunja uso, akanigeukia. "Anasema nini huyu?"

Nakumbuka jinsi palivyokuwa. Inzi walikuwa kwenye magunia. Meneja alikuwa anatazama kucha zake. Ningeweza kusema, "Anasema hajui," na mambo yangekwisha pale pale, hakuna hata mmoja ambaye angenishtaki, maana kati ya wale wawili mimi ndiye niliyekuwa mdomo na sikio. Niliona jinsi ilivyo rahisi. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, jinsi lilivyokuwa jepesi.

"Anasema kweli, bwana," nilisema. "Kosa limo katika karatasi. Na karatasi niliiandika mimi."

Meneja aliinua kichwa. Mkaguzi aliweka kalamu chini, akaniambia nieleze. Nilieleza. Aliagiza ubao, nikaandika kanuni mbili kwa Kiswahili na chini yake nikageuza neno kwa neno, kurudi kwenye Kiingereza, kama zilivyosikika kwa mtu asiye na karatasi ya asili. Chaki ikavunjika mara mbili. Mkaguzi alipomaliza kusoma, alinigeukia.

"Kwa nini neno moja ukalifanya mawili?"

"Nilitaka lisomeke vizuri, bwana."

Nimesema maneno mengi ya aibu katika maisha yangu, lakini sidhani kama lipo zito kuliko hilo. Nyuma yangu mtu mmoja alinong'ona kwa Kisukuma akimweleza mwenzake nilichosema, na yule mwenzake akaguna.

Mkaguzi akamrudia nyapara. "Ninyi wenyewe huko chini, kitu hicho mnakiitaje?"

Nyapara alifikiri kama mtu anayeogopa kuchekwa. "Twasema imenuna."

"Imenuna?"

"Ndiyo. Mtu aliyenuna hajafa, bwana. Yuko pale, kimya, anakutazama. Ukimgusa atakurukia."

Sakafuni walicheka kidogo, kisha wakakumbuka na kunyamaza.

"Kama mlijua hivyo, kwa nini hukumwambia karani?"

"Hakuniuliza," alisema nyapara bila hasira. "Neno lilikuja limeandikwa tayari, limegongwa mhuri. Zamani kila iliyonuna tuliiogopa, tuliiacha. Karatasi ikasema zipo za aina mbili. Mimi sikusoma. Nikasema labda za siku hizi zinakufa kweli."

Haya nilimgeuzia mkaguzi kwa Kiingereza, sentensi kwa sentensi, hata ile ya kwanza. Sikupunguza kitu.

Mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Mwisho alisema nyapara hatashtakiwa, kwa maana alitii onyo kama alivyopewa. Akamwambia meneja, na sauti yake haikuwa ya kirafiki tena, kwamba kuonya watu kwa maneno wasiyoyaelewa sawasawa ni kama kutowaonya, na kwamba yeye mkaguzi naye amekosa, kwa kuwa alikuja mara ya kwanza akatazama kama karatasi ipo, hakuuliza mtu hata mmoja inasema nini. Aliagiza kanuni ziandikwe upya pamoja na wenye kazi, na kwamba msomaji akimaliza asikubali kuitikiwa "tumesikia". Amchague mtu, amwambie aeleze alichosikia kwa maneno yake mwenyewe.

Niliziandika upya kwa siku tatu, na safari hii nilishuka. Sikuwa na cha kusingizia. Kule chini kuna maji yanayotiririka kwenye kuta muda wote na hewa ina harufu ya chuma na jasho, na kila mtu anaonekana uso tu, mwili umemezwa. Watoboaji walinionyesha kila kitu, wakanipa maneno yao. Hawakunitania. Ningefurahi kama wangenitania. Niliandika "baruti iliyonuna" mara zote, mistari minne ikifuatana, neno lile lile, baya machoni, na nilipowasomea nikamchagua mtu wa mwisho kabisa katika foleni, akaeleza bila kukosea. Karatasi hiyo ilipogongwa mhuri, meneja aliniambia nimalize mwezi niondoke. Sikulalamika. Niliona ni adhabu ndogo, na nikamshukuru Mungu kwa udogo wake.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi kwenye jineri, viwanda vya kuchambua pamba, upande wa Shinyanga, na mara nyingi waajiri waliniomba niwatungie kanuni za mashine. Niliwaambia wote jambo moja: kwanza nipeni siku mbili nikae na anayelisha pamba ile mashine. Wengine waliona napoteza muda. Sikuwaeleza kwa nini.

Nyapara naye kipande chake kilifungwa. Meneja hakutoa sababu, alisema tu kwamba mtu asiyesikia sikio moja hafai kuhesabu milio. Kwa hiyo aliondoka kabla yangu, siku ya pili baada ya mimi kumaliza ile karatasi mpya. Nilimfuata barabarani, mahali lori la Isaka lilipokuwa likipakia. Huko angepanda treni mpaka Shinyanga, kisha kwa miguu mpaka Kishapu kwa dada yake. Mwili wa mpwa wake ulikuwa umetangulia na jamaa.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri njiani, na nilipofika mbele yake nikayaacha yote, nikasema tu, "Baba, nisamehe."

"Nimesikia," alisema. "Ngoja kwanza nifike kwa dada yangu. Siwezi kukupa kitu ambacho yeye hajanipa mimi."

Kisha akaniomba nimwandikie barua. Huko nyumbani, alisema, walikuwa wamekwisha ambiwa kwamba amemuua mtoto kwa ukaidi, na kwamba amefungwa. Alitaka aingie na karatasi mkononi. Nilikuwa na kalamu na karatasi ya mgodi, nikaketi kwenye baraza ya duka lililokuwa pale, nikaandika. Niliandika kwamba mwenye barua hii alifuata onyo alilopewa, kwamba onyo lenyewe ndilo lililokuwa na kosa, na kwamba kosa hilo ni la aliyeliandika, naye ndiye huyu anayetia sahihi hapa chini.

"Soma."

Nikasoma.

"Tena. Taratibu."

Nikasoma tena. Alinisimamisha mahali nilipoandika kwamba hakushtakiwa wala hakupatikana na hatia.

"Hivyo ni vitu viwili au kimoja?"

"Hapa ni kimoja, baba."

"Basi toa kimoja. Dada yangu ataniuliza kile kingine maana yake nini."

Nikakata. Nilidhani ataipokea na kuiweka mfukoni. Badala yake aliichukua, akapita mbele yangu mpaka kwa fundi cherehani aliyekuwa mwisho wa baraza, mtu ambaye hakutujua wote wawili, akamwekea barua juu ya nguo aliyokuwa anashona.

"Nisomee hii, fundi."

Fundi alisimamisha gurudumu kwa mkono. Alisoma kwa shida, anakwama kwenye maneno marefu, anarudi nyuma, anaanza upya. Nyapara alimwinamia akiwa amemtegea sikio zima, macho ameyafumba. Mimi nilibaki nimesimama pale pale barazani na kalamu yangu, nikingoja kama mwanafunzi, nikiomba kimoyomoyo fundi asije akatoa mdomoni neno ambalo sikuliandika. Kondakta wa lori alikuwa anagonga bati na kuwaita watu wa Isaka.

"Ndiyo yote?" nyapara aliuliza.

"Ndiyo yote, mzee. Na jina la mtu chini."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Aliikunja mara nne, akaifunga kwenye pindo la shuka lake, akapanda nyuma ya lori juu ya magunia ya mpunga. Gari lilipoanza kutingishika ndipo akanitazama.

"Imesomeka sawasawa, mwalimu," alisema. Halafu akaugeuzia uso wake upande wa barabara.